Shajara ya lori la zamani: mafuta yanapotea wapi kabla ya kufika kwenye silinda

Lilivyokuja

Lori ni la zamani. Injini ni ya dizeli, silinda 6 kwenye mstari, haina tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) wala kompyuta. Mafuta yanagawiwa na injekta pampu ya mstari yenye planja (kijipistoni kinachosukuma mafuta) moja kwa kila silinda. Humu nitaiita pampu kubwa, isije ikachanganywa na pampu ndogo iliyofungwa ubavuni mwake, ambayo kazi yake ni kuvuta mafuta kutoka tanki.

Malalamiko nimeyaandika kama dereva alivyoyasema, maana yeye ndiye anayeshinda na gari. Asubuhi stata inazungusha mpaka betri inaanza kuchoka. Likiwaka linatetemeka na kutoa moshi mweupe unaowasha macho. Likipata moto linatulia, lakini misi, yaani silinda kuruka bila kuchoma mafuta, haiishi. Likiwa na mzigo kwenye mlima mrefu, nguvu zinapungua taratibu kana kwamba kuna mtu anafunga koki. Akiachia mafuta kidogo zinarudi, halafu zinapungua tena. Moshi mweusi uko pale muda wote linapobeba.

Mafundi waliolitazama kabla walitoa hukumu moja: pampu kubwa imekufa, itafutwe nyingine. Inawezekana. Ila pampu kubwa husingiziwa sana, kwa sababu iko katikati ya njia ya mafuta. Ubovu wowote ulio nyuma yake, kuanzia kofia ya tanki hadi filta, mwishowe utaonekana kama udhaifu wake yeye. Na ubovu wa nozo, vinyunyizio vya mafuta ndani ya silinda ambavyo viko mbele yake, nao hubebeshwa yeye. Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu wa kuanzia tanki na kusonga mbele hatua kwa hatua, na hakuna kitakachofunguliwa kabla ya kupimwa.

Kitu kingine nilichokiona tangu mwanzo: hapa si lazima ugonjwa uwe mmoja. Shida ya asubuhi na shida ya mlimani hazifanani. Injini inayokosa mafuta asubuhi na kuyapata mchana si sawa na injini inayoyapata mwanzoni mwa mlima na kuyakosa katikati.

Vitu vya haraka

Filta ya hewa iko safi. Ekzosti breki, mlango unaoziba njia ya moshi ili kupunguza mwendo, inafunguka mpaka mwisho. Ikibaki nusu imefungwa, injini hukosa pumzi na watu wakalaumu dizeli. Mtu amekanyaga mafuta ndani ya kebini nami nimesimama kwenye injini: mkono wa pampu unafika kwenye kikomo chake. Waya wa kuzimia injini unarudi wote. Hili la mwisho linapuuzwa sana. Waya ukikwama hata kidogo, pampu inabaki imezimwa nusu na lori halitapanda mlima hata ufanye nini.

Kofia ya kujazia oili nimeifungua injini ikinguruma. Inapumua kidogo tu, kwa hiyo ringi za pistoni hazijaisha.

Oili yenyewe imenipa cha kuandika. Kijiti cha kupimia kinaonyesha oili imepita alama ya juu, na ukiinusa unasikia dizeli. Oili haiongezeki yenyewe. Ama silinda fulani inapewa mafuta yasiyoungua, yanateremka kwenye kuta zake hadi chini, ama sili ya mojawapo ya pampu hizi mbili inavujisha kuelekea ndani. Oili hiyo nimeimwaga na kuweka nyingine, kwa kuwa oili iliyochanganyika na dizeli hupoteza unene wake na bearing ndizo zinazolipa. Swali lenyewe bado liko wazi.

Upande wa kuvuta

Kutoka tanki hadi pampu ndogo mafuta yanavutwa, hayasukumwi. Ndiyo maana ufa wa upande huu haudondoshi dizeli hata tone. Unaingiza upepo. Injini ikiwaka, pampu ndogo inavuta mafuta pamoja na mapovu. Injini ikizimwa, upepo unapita palepale penye ufa na mafuta yaliyo ndani ya bomba yanarudi tankini polepole usiku kucha. Asubuhi stata inazungusha injini yenye bomba tupu.

Kuangalia chini ya lori kutafuta tone ni kupoteza muda. Nimeweka kipande cha mpira unaopitisha mwanga baada ya pampu ndogo, nikawasha. Mapovu madogo yalikuwa yakipita mfululizo kama uzi. Nilipopandisha mzunguko, uzi ukanenepa.

Hapo bado hujui upepo unaingilia wapi. Nimechukua dumu la dizeli safi, nikaliweka juu kuliko injini, na kuunganisha mpira wake moja kwa moja kwenye mlango wa pampu ndogo. Nimepampu kwa mkono mpaka mapovu ya mwanzo yakaisha, nikawasha. Mafuta yamepita meupe, hakuna povu. Kwa kipimo hicho kimoja, pampu ndogo, filta na kila kilicho mbele vimetoka kwenye orodha ya washukiwa wa upepo. Ufa uko kati ya tanki na pampu ndogo.

Nimekuta sehemu mbili. Ya kwanza ni mpira unaounganisha bomba la fremu na bomba la injini, pale panapotikisika. Ukiutazama ulivyofungwa ni mzima. Ukiukunja kwa vidole, nyufa ndogo ndogo zinafunguka kuzunguka sehemu iliyobanwa na klipu. Klipu ilikuwa imekazwa hadi ikazama kwenye mpira, na kukaza zaidi kusingesaidia, kwa sababu mpira mgumu haubaniki. Ya pili ni sili ya bakuli la sedimenta (chombo kinachokusanya maji na uchafu), imebapa na kukauka. Sili za zamani za aina hii zilizoea dizeli yenye viambato vilivyozifanya zivimbe kidogo. Dizeli ya sasa iliyoondolewa salfa inaweza kuzifanya zisinyae, na sili iliyokuwa ikiziba vizuri kwa miaka inaanza kuruhusu upepo bila kuguswa na mtu.

Mpira mpya, klipu mpya, sili mpya. Mapovu yameisha. Nimeliacha lori limelala, na asubuhi limewaka kwa mzunguko mfupi wa stata. Lakini moshi mweupe bado upo, na mtetemeko wa dakika za mwanzo haujapungua hata kidogo. Hivyo tatizo la kuwaka na tatizo la moshi wa asubuhi ni mambo mawili, ingawa yalikuja pamoja.

Mlimani

Filta ya dizeli nilishaibadilisha wakati wa kushughulikia upepo. Haikusaidia kitu mlimani.

Sasa nimeunganisha geji ya presha kwenye mlango wa mafuta wa pampu kubwa, baada ya filta, na mpira mrefu wa kuifikisha mahali dereva anapoweza kuisoma. Pampu nyingi za mstari zina vali ya kurudishia mafuta, na vali hiyo ndiyo inayobakiza presha ya takriban bar 1 hadi 1.5 kwenye chumba kinacholisha planja. Presha ikishuka, planja hazijai. Planja isiyojaa inatoa kidogo, hata kama yenyewe ni mpya kabisa.

Sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta, geji inasoma bar 1.2. Ukipandisha mzunguko likiwa limesimama, inatulia palepale. Hapa ndipo wengi huishia na kusema mafuta yapo. Lori limepakiwa na kupelekwa mlimani. Mwanzo wa mlima geji ilikaa vizuri, katikati sindano ikaanza kuteremka, na nguvu zikaanza kuteremka nayo. Dereva alipoachia mafuta ikapanda. Alipokanyaga ikateremka tena. Yaani ile hali aliyoieleza siku ya kwanza inasomeka neno kwa neno kwenye geji.

Vitu vitatu vinaweza kufanya hivyo. Kimoja ni tundu la kupumulia tanki likiziba: mafuta yanatoka, hewa haiingii, na tanki linaanza kuvuta upande wake. Tumerudia mlima ule ule kofia ya tanki ikiwa imelegezwa, hakuna tofauti. Cha pili ni vali ya kurudishia yenye springi iliyochoka, ambayo inamwaga mafuta yote kurudi tankini. Nimeifungua: springi ina nguvu na inakaa vizuri. Inafaa kuangalia pia kama vali yenyewe ipo, kwa sababu kuna malori ambayo mtu ameiondoa na kuweka boliti ya kawaida yenye tundu inayofanana nayo kwa nje. Cha tatu ni kizuizi kwenye njia ya kuvuta. Nimeongeza geji ya mvuto kabla ya pampu ndogo, na kadiri presha ya mbele ilivyoshuka, mvuto wa nyuma uliongezeka. Pampu ndogo inavuta kwa nguvu zake zote, kuna kitu kinaikatalia.

Tanki limeshushwa. Mwisho wa bomba la kuvutia kuna chujio la waya, na lilikuwa limefunikwa na ute mweusi unaoteleza, kama unene wa karatasi ngumu. Ukiugusa unabaki kwenye kidole. Huo si uchafu wa barabarani. Ni vijidudu vinavyoishi pale maji na dizeli vinapokutana chini ya tanki. Vinakula dizeli, vinahitaji maji, na vinajenga utando. Mwendo ukiwa mdogo, mafuta kidogo yanapenya. Injini ikitaka mengi, utando unanyonywa na kubana chujio. Ukiachia mafuta unalegea na njia inafunguka tena. Ndiyo sababu ya ile hali ya kupotea na kurudi.

Kupuliza bomba kwa upepo wa kompresa kuelekea tankini kungeliwezesha lori kwa muda, na nadhani kulishafanyika, kwa sababu vipande vya utando vilikuwa vimelala chini ya tanki. Ila vinarudi. Nimelisafisha tanki lote, nimelikausha, na maji yaliyokuwa chini yake nimeyatoa. Sedimenta itakuwa inamwagwa maji mara kwa mara kuanzia sasa, na tanki lisiachwe tupu likilala muda mrefu, maana unyevu ulio kwenye hewa ya ndani ya tanki tupu hugeuka maji usiku kukiwa na baridi.

Mlima umerudiwa na mzigo ule ule. Geji haikutikisika mpaka juu. Nguvu zimerudi.

Kuna watu wangefunga kazi hapa. Lakini moshi mweusi upo, tena sasa ni mzito zaidi kuliko awali, na misi ipo.

Kutafuta silinda

Kabla sijaandika kilichoonekana, nisisitize hili. Dizeli inayotoka kwenye bomba la nozo au kwenye ncha ya nozo ina presha ya kutoboa ngozi. Inaingia bila kuuma sana, inaacha kidoa kidogo, kisha nyama ya ndani inaanza kufa. Usipapase kwa mkono kutafuta mvujo. Tumia kipande cha boksi, vaa miwani, funika nati kwa kitambaa kinene unapoilegeza. Ikimpata mtu, anapelekwa hospitali saa ile ile na daktari aambiwe wazi kwamba ni mafuta yenye presha, hata kama kidonda kinaonekana hakina maana. Kusubiri kuona kama itavimba ndiko kunakofanya watu wakatwe vidole.

Injini ikiwa sailensa nimelegeza nati ya bomba la kila nozo kwa zamu, kidogo tu, nikisikiliza. Silinda inayofanya kazi ukiikatia mafuta, mlio unashuka na injini inaanza kuchechemea. Silinda ya 4 haikuleta badiliko lolote. Ya 2 ililegeza mlio kwa mbali, chini ya wenzake. Asubuhi iliyofuata, injini ikiwa ya baridi, nilipima joto la matawi ya ekzosti sekunde chache baada ya kuwasha: tawi la 4 lilibaki nyuma ya mengine, na la 2 likalifuata kwa ubaridi.

Silinda isiyochangia inaweza kuwa na ugonjwa wa nozo, wa planja yake kwenye pampu kubwa, au wa kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda. Kuna njia ya kuvitenganisha isiyohitaji kifaa chochote zaidi ya spana: kuhamisha nozo. Ya 4 imekwenda 5, ya 5 imekuja 4. Nimetoa upepo, nimewasha, nimelegeza nati tena. Sasa silinda ya 5 ndiyo haileti badiliko, na ya 4 inavuta kama kawaida.

Ubovu umehama na nozo. Planja ya nne ni nzima, kompresheni ya silinda ya nne inatosha. Nikisema kweli, hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote katika kazi hii, kwa sababu injini yenyewe ndiyo inayojibu.

Nozo mezani

Nozo zote 6 zimetolewa. Kabla ya kuzichomoa nimesafisha kuzunguka kila moja, kwa kuwa mchanga ukidondokea kwenye tundu unaingia moja kwa moja kwenye silinda. Mabomba yamelegezwa ncha zote mbili, hayakupindwa ili kupisha spana. Kila mdomo uliobaki wazi umezibwa.

Kwenye silinda ya 2 kuna kitu ambacho hakikuonekana mpaka nimeingiza tochi na kioo kidogo. Nozo ilitoka na washa yake ya shaba (duara jembamba la kuzibia), safi, ya karibuni. Lakini chini ya tundu, kwenye kikalio, kulikuwa na duara jingine jeusi lililofanana na chuma cha hedi (kifuniko cha silinda). Nililikwaruza kwa ncha ya bisibisi ndefu, likang'aa wekundu. Ilikuwa washa ya zamani. Aliyebadilisha kabla alitoa nozo, washa ikabaki imeshika chini, akaweka nyingine juu yake. Kwa hiyo ncha ya nozo ilikuwa imekaa juu kuliko inavyotakiwa kwa unene wa washa nzima. Mafuta yanayotakiwa kupiga kwenye kikombe cha pistoni yalikuwa yanapiga kwenye ukingo wake na kwenye chuma cha hedi, mahali ambapo hayaungui vizuri. Nozo yenyewe ingeweza kuwa mpya na bado silinda ikatoa moshi. Washa nimeing'oa kwa kuikamata na kichokoo chenye uzi wa skrubu, nikasafisha kikalio.

Kisha nozo zimepanda kwenye kifaa cha kupimia, kile chenye mkono wa kupampu na geji. Kitabu cha injini hii kinataka ziachie kwa bar 200. Tano zimeachia kati ya bar 175 na 190, kiasi cha uchovu wa kawaida wa springi. Ya 4 imeachia kwa 140. Nozo inayofunguka mapema hivyo inamwaga mafuta kabla ya wakati wake, tena kwa presha ndogo isiyoweza kuyavunja kuwa ukungu, ndipo unapopata kugonga na moshi kwa pamoja.

Kipimo cha pili: unapandisha presha mpaka bar 20 chini ya ile ya kufungukia, unaishikilia kwa sekunde 10, na ncha inatakiwa ibaki bila kudondosha. Ya 4 ilidondosha hata kabla sijafika. Na ilipopiga, tundu moja lilikuwa limeziba kabisa, jingine likatoa mchirizi ulionyooka kama wa sindano, matundu yaliyobaki yakatoa ukungu. Nozo nzima ina mlio wa kukwaruza mkali unapopampu. Hii ilikuwa kimya.

Hapo swali la oili limejibiwa. Dizeli inayodondoka kwenye silinda ya baridi haiungui. Nyingine inatoka kama moshi mweupe unaowasha macho, nyingine inaosha oili kwenye ukuta wa silinda na kuteremka hadi chini.

Ncha zote 6 zinabadilishwa, kwa namba ile ile iliyochongwa kwenye ncha za zamani, si kwa kufanana kwa macho. Ncha mbili zinaweza kulingana kwa umbo huku pembe ya matundu ikitofautiana. Ncha na pini inayofungua na kufunga ndani yake ni jozi. Nafasi kati yao ni mikroni 2 hadi 4, wakati unywele wa binadamu una unene wa takriban mikroni 70. Pini haihamishwi kwenda ncha nyingine, haifutwi kwa kitambaa chenye manyoya, haishikwi kwa vidole kwenye sehemu iliyong'arishwa. Nimeziosha mafuta ya kuhifadhia, nikalowesha kila pini kwa dizeli safi, nikaivuta theluthi moja na kuiachia. Inatakiwa iteremke yenyewe kwa uzito wake bila kusukumwa, na zote zimeteremka. Presha nimeisawazisha kwa vishimu, yaani visahani vyembamba, chini ya springi. Shimu nyembamba ya sehemu chache za mia za milimita inatosha kubadilisha bar kadhaa, kwa hiyo ni kazi ya kufunga, kupima, kufungua na kufunga tena mpaka zote zilingane. Zimekaa kwenye 205, kidogo juu ya kitabu, kwa sababu springi ikifanya kazi hutulia.

Zimerudi na washa moja moja, mpya. Upepo umetolewa kwa mpangilio: kwanza skrubu ya filta kwa kupampu kwa mkono, halafu skrubu ya pampu kubwa, mwisho nati za nozo stata ikizungusha.

Misi imeisha. Injini ya baridi inatoa pumzi moja ya moshi mweupe kisha inakuwa safi. Legeza nati yoyote kati ya sita, mlio unashuka sawasawa.

Moshi mweusi wenye mzigo bado upo.

Sasa pampu kubwa

Moshi mweusi maana yake ni mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Hewa nimeshaithibitisha. Nozo ni nzima. Kilichobaki ni kiasi kinachotolewa, na hapo ndipo nimeitazama pampu kubwa kwa karibu kwa mara ya kwanza.

Pampu ya mstari ni kitu cha zamani. Rudolf Diesel mwenyewe aliingiza mafuta kwa kuyapuliza na hewa iliyobanwa. Pampu ya planja iliyoundwa viwandani kwa wingi ilianza kutoka kwa Bosch mwaka 1927, na wazo lake ndilo hili lililo mbele yangu: planja ina mfereji uliokatwa kwa mshazari, reki, fimbo yenye meno, inaizungusha, na kadiri inavyozungushwa ndivyo inavyochelewa kukata mafuta. Kamshafti inaisukuma umbali ule ule kila mara. Kinachobadilika ni sehemu ya safari hiyo inayotoa mafuta. Skrubu ya mzigo kamili ndiyo inayoweka kikomo cha reki.

Skrubu hiyo hufungwa kwa waya na muhuri wa risasi. Kwenye lori hili waya umekatwa, muhuri haupo, na nati ya kukazia ina alama mpya za spana. Mtu amelizungushia mafuta.

Nadhani naelewa kilichotokea. Lori lilikosa nguvu mlimani kwa sababu ya chujio lililoziba. Likaongezewa mafuta kwenye pampu. Pale mwanzo wa mlima lilipata nguvu zaidi, halafu likakosa tena, kwa kuwa chujio lilikuwa bado limeziba. Mara tanki lilipofunguka, pampu ikaanza kupata mafuta yote iliyoongezewa, na ndiyo sababu moshi ulizidi baada ya mimi kusafisha tanki. Dizeli hiyo ya ziada, inayotoka kama moshi, haileti nguvu, inapandisha joto la ekzosti, na ikiachwa hivyo kwenye safari ndefu za mzigo, vichwa vya pistoni ndivyo vinavyoungua.

Skrubu hii hairudishwi kwa kusikiliza. Kabla ya kuishusha pampu nimepima taimingi yake ya sasa, yaani wakati inapoanza kutoa mafuta. Silinda ya 1 kwenye mgandamizo, vali ya kutolea ya planja ya kwanza imetolewa ndani yake, bomba fupi lililopinda limefungwa juu, mafuta ya presha ndogo yanatiririka. Unazungusha injini kwa mkono, taratibu, kwa mwelekeo inakozungukia, mpaka mtiririko unageuka matone. Hapo planja imefunga mlango wake na ndipo inapoanza kutoa. Ukipita alama, usirudi kidogo tu. Rudi nyuma sana kisha uje tena kwa mwelekeo ule ule, la sivyo ulegevu wa gia unakudanganya. Kitabu kinataka digrii 18 kabla pistoni haijafika juu, nayo inasoma 15. Imechelewa kidogo. Boliti moja ya kapulingi, kiungo cha pampu na injini, ilikuwa imelegea.

Pampu imekwenda kwa mzee anayepima pampu kwenye benchi. Nilimpa maelezo yote ya nozo na presha, akayasoma, akasema, "Kijana wangu, umeniletea pampu na historia yake. Wengi wananiletea pampu peke yake." Kwenye benchi kila planja inamimina kwenye glasi yake, na glasi sita zimepanda karibu sawa. Planja hazijachakaa kiasi cha kubadilishwa. Jumla ndiyo iliyokuwa imepita kiwango cha kadi ya pampu, yaani karatasi ya vipimo vyake, kwa kiasi kinachoonekana bila kupima. Ameirudisha kwenye kadi, ameangalia gavana, kidhibiti cha mzunguko wa injini, inakata kwenye mzunguko unaotakiwa, amefunga waya na muhuri mpya.

Pampu ile ile iliyohukumiwa imerudi kwenye injini yake, taimingi imewekwa kwenye digrii 18, kapulingi imekazwa kwa boliti mpya.

Na mzigo

Lori limetoka na mzigo wake wa kawaida, geji ikiwa bado imefungwa. Presha imesimama mlima mzima. Dereva akibadilisha gia moshi unatoka kidogo na kukatika. Kwenye mwendo wa kudumu ekzosti iko safi. Dereva anasema linapanda kwa gia ambayo alikuwa ameisahau.

Mlio umepoa pia. Kugonga kulikokuwepo kumeondoka pamoja na nozo ya 4.

Kilichobaki kwenye orodha: nati za kushikilia nozo zikazwe tena injini ikiwa imepata moto na kupoa, kwa sababu washa mpya za shaba hulala kidogo. Kijiti cha oili kiangaliwe kila asubuhi. Kikipanda tena, sili ya pampu ndogo inafuata, kwa kuwa nozo zimeshaondolewa kwenye mashaka. Geji ya presha nimemwachia dereva kwa sasa, ameiomba. Filta ya dizeli iliyopo itatolewa mapema kuliko kawaida. Ute ulioachia kwenye mabomba wakati wa kusafisha tanki lazima uwe umeishia humo. Nitaikata nione umebaki kiasi gani, ndipo niamue kama mabomba ya fremu nayo yanahitaji kuoshwa.